Miaka Kumi na Moja Isiyo na Jina

Maktaba ya Chuo, Suva
3 Machi 2004

Mpendwa Mama Unaisi Rokosuka,

Pole tena kwa msiba. Najua siku mia za maombolezo zimekwisha juzi tu, na nimesita sana kabla ya kuandika.

Naitwa Makereta Qalo, ni mkutubi hapa chuoni. Nilikuja mazishini, nikakaa nyuma pamoja na wauguzi. Marehemu Daktari Apakuki alikuwa akija maktaba kila Alhamisi aliyokuwa Suva na kukaa meza ya dirishani. Alikuwa daktari pekee aliyerudisha vitabu mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Kliniki mpya ya ngozi inakaribia kumalizika, na kamati inatafuta jina la kuipa. Yamebaki mawili: la mumeo, na la Daktari Pengelly aliyekuja kutoka Adelaide akafanya kazi hapa miaka mingi. Mimi nimepewa kazi ya kuhesabu. Kila mmoja alichapisha makala ngapi katika majarida ya udaktari, na watafiti wengine wamezitaja mara ngapi katika kazi zao? Siku hizi ndivyo wanavyopima uzito wa mtafiti.

Daktari Pengelly ana makala thelathini na moja, zilizotajwa mara 190. Mumeo ana ishirini na tatu, zilizotajwa mara 140. Lakini kuna jambo linalonisumbua. Kumi na tisa kati ya hizo zilitoka kati ya 1979 na 1988. Kisha hakuna kitu kwa miaka kumi na moja. Halafu zinatokea nne za mwisho, kuanzia mwaka 2000. Mwenyekiti wa kamati alitazama orodha yangu akasema, "Huyu kalamu ilimkauka."

Mimi sikubali. Miaka hiyo yote nilimwona dirishani akiandika. Alikuwa akiandika nini, Mama? Kama nyumbani kuna karatasi zozote, naomba uniambie. Kamati inakaa mwisho wa Julai.

Wako,
Makereta Qalo

*

Kadavu
16 Machi 2004

Mwanangu Makereta,

Barua yako imekuja na meli ya Jumanne, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nakukumbuka. Ulivaa miwani, ukawasaidia akina mama kuosha vikombe bila kuambiwa.

Mimi niliishia darasa la nane, kwa hiyo usinitegemee kwa mambo ya majarida. Ninachojua ni vitu vidogo. Apakuki hakuwa anampa mtoto mkono kama watu wengine. Alikuwa anaushika, anaugeuza, anatazama katikati ya vidole kama kuna upele, ndipo anasalimia. Watoto wa hapa walizoea, wakimwona wananyoosha mikono imefunguka kabisa. Siku ya harusi yetu alimfanyia hivyo mchungaji. Alipoandika kitu alikuwa ananiomba nimsomee kwa sauti. Akisikia pumzi yangu inaishia katikati ya sentensi, anaikata sentensi. Maneno yenyewe sikuyaelewa, lakini nilikuwa najua zipi ni ndefu mno.

Kalamu haikumkauka. Kila Januari alikwenda vijijini, kisiwa hadi kisiwa, akirudi ngozi imemwungua puani. Nimefungua sanduku lake la bati jana. Kuna daftari la kila mwaka, na hakuna mwaka unaokosekana: 1988, 1989, 1990, mpaka mwisho. Majina ya vijiji, idadi ya watu, wangapi wana upele, wangapi wamepona. Nakupelekea manne, kuanzia la 1988, kwa mkono wa nahodha. Ni mjomba wangu, hatayapoteza, lakini mpe chai.

Kuhusu kwa nini jina lake halikutoka miaka hiyo, sina la kukuambia.

Mimi,
Unaisi

*

Suva
7 Aprili 2004

Mama Unaisi,

Nahodha amekunywa chai vikombe vitatu na kunisimulia habari za goti lake. Madaftari yamefika salama.

Nimefanya kitu ambacho wakutubi wanakipenda na watu wengine wanakiona ni kichaa. Nilichukua tarakimu za daftari la 1989 nikazitafuta kwenye majarida. Vijiji sita, watu 1,114, wenye upele 307. Nikazipata, zilezile, katika makala ya mwaka 1991 inayosema kwamba ukimtibu mtoto anayejikuna peke yake upele unarudi, lakini ukikitibu kijiji kizima siku moja, wazee kwa watoto, hata wasiojikuna, unaondoka. Mwandishi ni mmoja tu: Losalini Tabuya, muuguzi.

Nikaendelea. Zipo makala tisa za namna hiyo, zote katika miaka ile, zote zina majina ya wauguzi. Zimetajwa mara 212, Mama. Watu wamezitumia Visiwa vya Solomoni, Vanuatu, na kaskazini ya Australia. Tisa hizo zimefika mbali kuliko ishirini na tatu zenye jina lake.

Losalini amestaafu, anakaa Nasinu. Nilimwendea Jumamosi. Alikuwa anamenya muhogo, hakuacha.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza kama najua kuandika?"

"Hapana, dada. Nimekuja kuuliza nani aliandika."

"Mimi nilitembea, mimi nilihesabu, mimi niliandika vibaya, yeye akaandika vizuri. Sasa wewe mtu wa vitabu niambie, hapo mwandishi nani?"

"Wote wawili."

"Ndivyo nilivyomwambia. Nikasema, Daktari, weka na lako. Akasema, langu limepumzika. Nikamwambia, limechoka na nini, na aliyepanda milima ni mimi? Akacheka, akanipa biskuti. Kila mwaka namuuliza, kila mwaka biskuti. Ona nilivyonenepa."

Zaidi ya hapo hajui. Mama, sitaki kuwa mjuvi, lakini kalamu haikukauka na jina likapotea. Nini kilitokea mwaka 1988?

Wako,
Makereta

*

Kadavu
27 Aprili 2004

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nilikudanganya kidogo niliposema sina la kukuambia. Ninalo, ila sijawahi kulisema kwa mtu.

Apakuki alikuwa na binamu, Semesa Vuniyaro, mtoto wa mjomba wake. Kwetu hao ni watani wa kufa na kuzikana. Semesa alikuwa dresa wa zahanati, na kazi ya kuhesabu upele walianza pamoja. Alikuwa akimwita mume wangu Kipara tangu hajapoteza unywele hata mmoja. Wakikaa pamoja kunywa yaqona kwenye bakuli hatulali kwa kucheka, mmoja anatukana mapua ya mwenzake, mwingine anatukana miguu.

Septemba 1988 Apakuki alikwenda Brisbane kusoma makala yake mbele ya madaktari. Alikuwa amefurahi, aliazima tai. Siku ya pili Semesa akaanguka zahanatini, moyo. Tulipiga simu ya upepo Suva, Suva wakapeleka telegramu Brisbane, haikumkuta hotelini. Aliposhuka kwenye boti hapa, Semesa alikuwa na siku sita kaburini.

Nilikuwa ufukoni. Nilikuwa nimelia siku nyingi na nimepikia watu mia mbili. Nikamwambia mbele za watu, "Hayo makaratasi yako yamekunyima hata kumtupia udongo ndugu yako." Aliweka begi lake mchangani, akavua tai, akaikunja akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo hakuna bahasha iliyokuja na jarida lenye jina lake. Alikuwa anaandika, nikamsomea kama zamani, lakini ukurasa wa kwanza alikuwa haniletei. Nikajua nimefanya nini. Miaka kumi na moja nilimpikia na kumfulia, na kila siku nilitaka kumwomba radhi, na kila siku niliona nimechelewa mno. Alipoanza tena nikashukuru Mungu, nikaogopa kuuliza.

Sasa wameniletea mtu wa kuhesabu, na hesabu inaonyesha shimo, na mimi ndiye niliyelichimba. Kama kliniki itapewa jina la mwingine, ni kwa mdomo wangu. Waambie hivyo kamati, nitatia sahihi.

Unaisi

*

Suva
14 Mei 2004

Mama Unaisi,

Sitawaambia kamati hivyo. Si kwa huruma. Kazi yangu ni kuandika kilichothibitika, na hili bado.

Nimelifungua tena daftari la 1988, lile ambalo sikulisoma sana kwa sababu makala za mwaka huo nilikuwa nazo. Ukurasa wa mwisho hauna tarakimu. Una mistari miwili kwa mwandiko wake, na tarehe, 9 Oktoba:

"Semesa. Jina langu.
Mpaka waje."

Nimeusoma ukurasa huu kwa siku tatu. Kwanza nilidhani ni mwanzo wa makala aliyoiacha. Halafu nikadhani anangoja wageni. Waje akina nani, Mama? Na waje kufanya nini? Mimi nimekulia Suva, mama yangu alikuwa karani wa posta, mambo mengi ya kijijini nayajua nusunusu.

Nakurudishia daftari hilo kwa nahodha. Nadhani ni lako kulisoma kwanza.

Makereta

*

Kadavu
8 Juni 2004

Mwanangu Makereta,

Nilipoisoma mistari ile nilielewa papo hapo. Wewe hukuelewa kwa sababu umekulia mjini, mimi sikuelewa kwa miaka kumi na sita na nimekulia hapahapa.

Mtu akifa kwetu, usiku wa nne baada ya maziko watu wake wanakaa, na kila mmoja anataja mbele ya wote kitu atakachojifunga. Huyu hatakula samaki, huyu hatanyoa, huyu hatakunywa yaqona. Ni lazima kiwe kitu unachokipenda. Siku mia zikitimia, ndugu wa marehemu wanakuja na mikeka na nguo ya magome wanakufungua. Aliyejifunga haombi kufunguliwa. Anangoja waje.

Nilimlipa kijana wa boti anivushe mpaka Nukuvadra, kwa Akanisi, dada yake Semesa. Ana miaka sitini na minane, alikuwa anasuka mkeka. Akaniona tangu mbali.

"Mke wa Kipara huyo. Umekuja kuolewa tena? Hapa wamebaki vikongwe tu."

Nikampa daftari. Akalisoma, akaliweka magotini.

"Kumbe hakukuambia?" akasema.

Haya ndiyo aliyonisimulia. Apakuki alifika usiku wa nne umeshapita. Kila mtu alikuwa ametaja chake, na yeye hakuwapo. Akajifunga peke yake, kimyakimya, kwa kitu alichokipenda: jina lake kwenye karatasi. Siku mia zikatimia, ndugu wakaja, wakawafungua wote waliotajwa. Yeye hakutajwa. Hakuna aliyejua kwamba naye amefungwa, na yeye hakuweza kuomba. Akangoja.

Agosti 1999 Akanisi alikuwa anamwoza mwanawe. Mimi nilibaki nyumbani na homa. Akamkuta Apakuki jikoni nyuma na wapishi, akamtania kama kawaida:

"Wewe daktari, zamani ulikuwa unatuletea magazeti yenye jina lako, tunayafungia samaki. Siku hizi umesahau kusoma?"

"Hamjaja," akamwambia.

"Hatujaja wapi?"

Ndipo akamweleza. Akanisi anasema alicheka mpaka akakaa chini, halafu kilio kikamshika hapohapo.

"Miaka kumi na moja! Wenzako walifunguliwa samaki wakala mpaka wakaharisha, na wewe bado? Msomi mzima. Mdudu asiyeonekana unamhesabu, mdomo wako unashindwa kuufungua."

"Ningesemaje?"

"Ungesema, Akanisi, nafa."

Akaondoka kwenda kwenye mafungu ya zawadi za harusi, akavuta nguo moja ya magome ambayo ilikuwa ya bibi harusi, akamzungushia mabegani pale penye moshi, mbele ya wapishi. Akamwambia, "Basi. Semesa ameshiba. Kaandike."

Nikamuuliza Akanisi kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema naye alimuuliza hivyohivyo. Apakuki akajibu, "Nikimwambia Unaisi atadhani ni kwa maneno yake ya pale ufukoni. Aliyasema kwa uchungu, na zaidi ya hayo yalikuwa kweli."

Kwa hiyo alinyamaza nisije nikajilaumu. Na mimi nilijilaumu kwa sababu alinyamaza. Tulikuwa nyumba moja, meza moja.

Akanisi alinipikia samaki wa tui, nikala sana.

Unaisi

*

Suva
30 Juni 2004

Mama Unaisi,

Barua yako niliisoma kazini, nikalazimika kwenda kusimama nyuma ya rafu za anatomia, kule ambako hakuna mtu anayekwenda.

Sasa nina swali, na ni lako kulijibu. Nilimweleza mwenyekiti habari za makala tisa. Si mtu mbaya. Akasema nikileta karatasi yenye sahihi za wale wauguzi, kwamba Daktari aliandika pamoja nao, nizihesabu kwake. Zikiingia, mumeo atakuwa na makala thelathini na mbili, zilizotajwa mara 352. Daktari Pengelly hamfikii.

Wauguzi wanne bado wako hai. Watatu wametia sahihi. Nikaenda Nasinu.

"Sitii," akasema Losalini.

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia waandishi ni wawili."

"Nilimwambia yeye. Miaka ile yote alikuwa na nafasi ya kuandika, hakuandika. Alinipa. Binti yangu alipata nafasi ya kusoma New Zealand kwa sababu mamaye alikuwa na karatasi yenye jina lake. Sasa amekufa, ndio mnakuja kunipunguza nusu?"

"Si kukupunguza, dada. Ni kwa ajili ya jina la kliniki."

"Nenda kamuulize Unaisi. Unaisi akisema tia, natia. Ila mwambie mimi nitakuwa nimenuna."

Kwa hiyo nakuuliza. Utakalosema ndilo nitakaloandika. Zimebaki wiki nne.

Makereta

*

Kadavu
13 Julai 2004

Mwanangu,

Nimefikiri usiku mmoja tu, sikuhitaji zaidi.

Ningependa sana kuliona jina lake juu ya mlango. Sitakuficha, nimeshaficha vya kutosha. Niliwaza hata rangi ya herufi. Lakini alijinyima kitu, na alichojinyima akawapa watu. Nikikirudisha sasa itakuwa miaka kumi na moja ile hakujifunga chochote, alikiweka akiba tu.

Waache wauguzi na makala zao zote tisa. Mwambie Losalini asinune, na mwambie nilimsomea Apakuki ile ya mwaka 1991, naikumbuka kwa sababu ilikuwa na sentensi fupi kuliko zote.

Ila nina ombi. Kwenye orodha yako usiache pengo. Watu wakiona pengo watatia wanachotaka. Niliona mwenyewe nilichotia mimi.

Unaisi

*

Suva
2 Agosti 2004

Mama Unaisi,

Kamati ilikaa Ijumaa. Kura nne kwa tatu. Kliniki itaitwa kwa jina la Daktari Pengelly. Nasikitika, Mama. Nilitamani kukuandikia mengine.

Orodha ya kazi za mumeo imefungwa kuwa kitabu chembamba, na itakaa maktaba daima, kwenye rafu ya watafiti wetu. Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Baada ya makala ya kumi na tisa, kabla ya ya ishirini, utaona nimeandika hivi: "1988 mpaka 1999: alikuwa akiomboleza."

Mwenyekiti alinyoosha kidole kwenye mstari huo. "Makereta, hii ni makala gani?"

"Si makala, bwana."

"Sasa inafanya nini kwenye orodha ya makala?"

"Inaeleza kwa nini hazipo. Nina daftari lenye tarehe na shahidi aliye hai. Nyingine humu zina ushahidi mdogo kuliko huo."

Ni mtu wa visiwa vya Lau, mambo haya anayajua. Akauliza marehemu alikuwa amefunguliwa lakini? Nikasema ndiyo. "Basi iache," akasema, akatia sahihi.

Losalini hajanuna. Amekutumia biskuti, pakiti mbili, nahodha anazo, kama bado anazo.

Makereta

*

Kadavu
17 Agosti 2004

Mwanangu Makereta,

Pakiti imefika moja. Nahodha anasema mawimbi.

Usisikitike kwa ajili ya kura. Nilipomwambia Akanisi, alisema ni heri. Jina lake lingewekwa pale, kila mwenye matako yanayowasha hapo Suva angekuwa anasema, "Nakwenda kwa Apakuki." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza tuna nini.

Kitabu nimekisoma chote, hata nisichokielewa. Mstari ule umeuandika vizuri, lakini una makosa, na wewe ulisema kazi yako ni kuandika kilichothibitika. Alianza tarehe 9 Oktoba 1988. Alifunguliwa Agosti 1999, na hakujifungua mwenyewe. Kazi ya watu wawili huwezi kuiandika kwa jina la mmoja. Nimeuliza ruhusa kwa Akanisi. Akajifanya hataki, halafu akasema mkiandika, andikeni na kijiji, maana akina Akanisi ni wengi na hataki sifa zake ziende Nadroga.

Kwa hiyo tafadhali, kama kitabu bado kinaweza kufunguliwa, uweke hivi:

"Oktoba 1988 mpaka Agosti 1999: alikuwa akimwomboleza Semesa Vuniyaro. Alifunguliwa na Akanisi Vuniyaro wa Nukuvadra."

Nimeuandika kwanza kwenye karatasi yangu, nikausoma kwa sauti hapa mezani, polepole, jina moja moja. Langu halimo.

Mimi,
Unaisi Rokosuka